Mwanafunzi wa Saa Tisa

Kila siku saa nane mchana Chiriku aliingia nyumbani huku akiongea. Hakujali kama kulikuwa na mtu wa kumsikiliza. Aliongea na viatu vyake alipokuwa akivivua, akaongea na soksi alipozifua kwenye beseni, akaongea hata na sufuria alipoifunua kutazama alichobakishiwa. Ndiyo maana akapewa jina la yule ndege asiyefunga mdomo, na jina lake halisi likabaki kwenye daftari la mahudhurio tu.

Mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini na alirudi jioni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na baraza ya mbele ndiyo iliyokuwa karakana yake. Hapo palikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, kamba ya kutundikia nguo za wateja, na Bi Kimya. Bi Kimya alikuwa sanamu ya kuvalishia nguo, mwanamke mzima wa plastiki ngumu, ambaye fundi alimnunua siku duka moja la nguo lilipofungwa. Alikuja hana mkono wa kushoto na uso umechujuka. Fundi akampaka nyusi na macho upya kwa rangi nyeusi. Kwenye sindano mkono wake ulikuwa mwepesi, lakini kwenye brashi hakujua kupunguza, kwa hiyo Bi Kimya akatokea na macho makubwa ya mtu aliyeletewa habari asiyoiamini.

"Mwanamke gani huyo hapepesi macho?" mama alilalamika siku ya kwanza. Siku ya tatu alikuwa ameshamzoea. Kila mtu pale nyumbani alimzoea, akawa kama kabati.

Mwezi ule fundi alikuwa amepata oda ya magauni kumi na mawili ya kwaya, yote ya kijani, yote ya kukatwa mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari hujivuta chenyewe kwa uzito wake. Fundi anayejua kazi hukiacha kining'inie siku mbili kabla ya kukunja pindo, la sivyo gauni litakuwa refu huku na fupi kule. Kwa hiyo fundi alimwingiza Bi Kimya chumba cha ndani, mbali na jua na mikono ya wateja, akamsimamisha ukutani nyuma ya kiti cha kusomea. Kila baada ya siku mbili alimvua gauni moja na kumvika jingine. Bi Kimya mwenyewe hakumsogeza.

Kiti hicho kilikuwa cha Chiriku, na mbele yake, juu ya meza, palikuwa na kishikwambi.

Shule yao ilikuwa imeletewa vishikwambi ishirini vya kufanyia majaribio, na darasa lao la sita lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja. Ishirini walipewa, waliobaki wakaambiwa wasubiri zamu. Ndani ya kila kishikwambi kulikuwa na sauti ya mwanamke mpole iliyosoma somo la hesabu, na juu ya kioo kulikuwa na kamera ndogo iliyotazama macho ya mwanafunzi. Macho yakiwa kwenye kioo, taa ya kijani iliwaka na sauti ikaendelea kusoma. Macho yakitoka, sauti ilisema, "Nakusubiri," ikanyamaza. Yakirudi, ilisema, "Haya, tuendelee." Wanafunzi wakamwita Bi Tuendelee.

Dakika ambazo macho yalikuwa kwenye kioo zilihesabiwa na kutumwa kwa mwalimu. Kila Jumatatu mwalimu alibandika mlangoni orodha ya majina ishirini kwa mpangilio wa umakini. Wanafunzi waliiita ngazi. Mwisho wa mwezi, watano wa chini kwenye ngazi wangerudisha vishikwambi vyao na wengine watano wangepewa. Jumatatu ya kwanza Chiriku alikuwa wa kumi na nne. Si pabaya, lakini palitosha kumkosesha usingizi mtu mwenye hofu.

Jumatano ya wiki hiyo Bi Tuendelee alikuwa akieleza sehemu: nusu, theluthi, robo. Nje, uchochoroni nyuma ya nyumba, wasichana walikuwa wakiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. Chiriku alivumilia kwa dakika kumi, ambazo kwake zilikuwa nyingi.

"Atanisubiri," alijiambia. "Si ndiyo kazi yake?"

Akakiegemeza kishikwambi kwenye vitabu, akatoka kwa mlango wa nyuma akinyata.

Aliporudi ilikuwa saa tisa na nusu. Nyumba ilikuwa imetulia isivyo kawaida, hata cherehani ya baba ilikuwa imenyamaza. Chiriku alivua ndala mlangoni, akaingia kwenye korido, na hapo akaisikia.

"Ukigawa mkate mmoja kwa watu wanne," sauti ilisema nyuma ya pazia, "kila mmoja atapata robo." Ikanyamaza kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake aitikie kwa kichwa. "Vizuri. Tuendelee."

Chiriku alisimama, mkono wake ukiwa kwenye pazia. Labda baba ndiye yumo. Labda mama amerudi mapema. Lakini hakusikia mtu kukohoa wala kiti kulia, na kiti kile kililia kila mtu alipokikalia. Sauti iliendelea kusoma taratibu, ikatua, ikasoma tena. Haikuwa inajisemea. Ilikuwa ikimsomea mtu.

Akavuta pazia. Kiti kilikuwa kitupu. Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

"Vizuri sana," ilisema sauti.

Chiriku alikilaza kishikwambi kifudifudi, akakimbilia barazani. Baba yake alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba.

"Baba, umeingia ndani?"

"Kufanya nini? Nimekaa hapa tangu adhuhuri mpaka mgongo umekuwa ubao." Fundi alimtazama akatabasamu. "Si ulikuwa unasoma? Nimekusikia. Nimefurahi mwanangu, usidhani sisikii."

Chiriku alifungua kinywa. Ungekuwa wakati mzuri wa kusema, maana maneno hayakuwahi kumpungukia. Lakini tabasamu la baba lilikuwa pana, na kusema kweli kungelifuta. Akafunga kinywa, akaenda kuosha vyombo kabla hajatumwa.

Alhamisi na Ijumaa hakuthubutu kukaa chumbani; alifungua somo akatoka, na kila aliporudi aliikuta sauti ikisoma. Jumatatu iliyofuata jina lake lilikuwa la sita.

"Chiriku!" alisema mwalimu wao wa hesabu, mwanamke mrefu aliyetembea na rundo la madaftari kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. "Kumbe ukifunga mdomo unaweza!"

Darasa likapiga makofi. Chiriku alitazama chini. Halafu, Mungu amsamehe, akatabasamu.

Wa ishirini alikuwa Kobe, jirani yao, msichana mpole ambaye ukimuuliza jambo ulipaswa kungoja. Mwalimu alimwita mbele.

"Kobe, mbona kishikwambi kinasema unalala? Kila siku macho yamefungwa."

"Silali, mwalimu. Nikisikia kipande nafunga macho nakiwaza."

"Macho yamefungwa?"

Kobe alifikiri. "Nikifungua macho naona kioo. Nikifunga naona hesabu."

Darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu hakucheka, lakini madaftari yalikuwa mengi na kipindi kilikuwa kifupi, kwa hiyo hakuuliza zaidi.

Wakati wa kurudi nyumbani Chiriku alimvuta Kobe pembeni ya barabara. "Nyumbani kwetu kuna mtu."

Walitembea hatua ishirini hivi kabla Kobe hajajibu. "Mtu gani?"

"Sijui. Simwoni. Anasoma hesabu."

"Basi si mwizi," alisema Kobe. "Mwizi angechukua kishikwambi." Akatembea tena, akawaza. "Anasoma kila siku?"

"Mimi nikitoka tu."

"Basi anangoja utoke," alisema Kobe, na maneno hayo yalimfuata Chiriku mpaka kitandani.

Kesho yake Chiriku aliamua kujua. Alifungua somo, akakiegemeza kishikwambi palepale, akatoka nyuma, akazunguka mpaka dirisha la ubavuni ambalo ubao wake mmoja ulikuwa na ufa. Akaweka jicho kwenye ufa.

Chumba kilikuwa na mwanga wa mchana, kila kitu mahali pake. Meza. Kiti. Bi Kimya na gauni lake la kijani.

"Nakusubiri," ilisema sauti. Chiriku alishusha pumzi. Kumbe hakuna kitu, masikio yake tu.

Ilipita kama dakika moja. Inzi alitua kwenye kioo akaruka.

"Haya," ilisema sauti kwa upole, "tuendelee."

Alikuwa ameapa kutokimbia. Alirudi ndani akatambaa ukutani, mbali na macho ya kishikwambi, mpaka akaifikia meza. Akaivuta kidogo. "Nakusubiri," ikasema sauti. Akairudisha. "Haya, tuendelee." Akaivuta tena, ikangoja. Akairudisha, ikaendelea. Basi akanyoosha kidole kutoka kwenye kamera, akakipitisha hewani juu ya kiti kitupu, moja kwa moja, mpaka ncha ya kidole ikagusa pua ya plastiki.

Macho makubwa yalimtazama bila kupepesa.

"Wewe!" alisema Chiriku. "Kumbe ni wewe!"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alicheka kwa furaha ya mtu aliyeachiwa na jinamizi. Kisha kicheko kikaisha, na katika ule utulivu likamjia wazo. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja polepole likakaa karibu naye, na yeye akalikaribisha.

Tangu siku hiyo, kila saa tisa Chiriku alimwachia Bi Kimya kipindi. Alifungua somo, akapima meza kwa jicho, akatoka kwenda kuruka kamba. Wakati mwingine alimfuta vumbi machoni kwa kitambaa ili aone vizuri. Barazani baba alikanyaga cherehani yake akisikia sauti ya somo, na wateja walipokuja aliwaambia, "Hebu sikieni. Binti yangu huyo."

Jumatatu ya tatu Chiriku alikuwa wa pili. Jumatatu ya nne alikuwa wa kwanza, na Kobe alikuwa palepale wa ishirini.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Chiriku hakulitarajia. Mwalimu aliacha kumuuliza maswali. Alipouliza asilimia ni nini, alipitisha kidole darasani, kikafika kwa Chiriku, kikaruka. "Huyu tunajua anajua," alisema. Mara ya kwanza Chiriku alifurahi. Mara ya tano alihisi kama kiti chake hakina mtu. Ubaoni ziliandikwa hesabu, wenzake waliinama wakaandika, naye aliinama pia akachora vistari, kwa kuwa hakujua hata pa kuanzia.

Jumatano ya wiki ya mwisho alipata woga wa kweli. Mtihani ulikuwa umekaribia. Akasema leo nasoma mwenyewe. Akakaa kwenye kiti, kikalia chini yake, akafungua somo.

"Kama tulivyoona jana," ilisema sauti, "asilimia ni sehemu ya mia. Hili umelielewa vizuri sana, kwa hiyo tulipite."

"Sijalielewa," alisema Chiriku.

Sauti iliendelea. Ilitaja mambo ya juzi, ya wiki iliyopita, kama watu wawili wanavyokumbushana safari waliyokwenda pamoja. Chiriku hakuwemo katika safari hiyo. Akageuka. Bi Kimya alikuwa akitazama kioo kwa juu ya kichwa chake. Chiriku alisogeza kiti, akakaa wima, akamziba kabisa.

Sauti ilikatika. Kimya kilikuwa kirefu kuliko siku zote.

"Samahani," ilisema. "Huu si uso wa mwanafunzi wangu. Tafadhali mwite mwanafunzi wangu."

Chiriku alifuta kioo kwa kiwiko. Akasogea karibu. Akatabasamu, tabasamu la kuomba.

"Tafadhali mwite mwanafunzi wangu."

"Ni mimi!" Chiriku alisema. "Ni mimi, ni mimi hapa!"

"Tafadhali mwite mwanafunzi wangu."

Chiriku aliinuka taratibu, akajisogeza pembeni. Taa ya kijani ikawaka.

"Haya," ilisema sauti, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyemkosa mpenzi wake wa moyoni kisha akamwona akiingia mlangoni, "tuendelee."

Siku ile Chiriku hakwenda kuruka kamba. Alikaa barazani miguuni pa baba yake akiokota vipande vya kitambaa, na mama aliporudi alimgusa shingo kwa kiganja. "Mtoto huyu anaumwa. Hajasema neno tangu nimeingia."

Ijumaa ilikuwa siku ya kurudisha. Mwalimu aliweka boksi tupu juu ya meza na kuita majina matano ya chini. Kobe alikuwa amekifunga kishikwambi chake kwa kipande cha kitambaa safi, na alikikumbatia kwa mikono miwili. Hakulia. Aliangalia boksi lile tu, na Chiriku aliyekuwa akimwangalia ndiye aliyetaka kulia.

"Kabla hatujaanza," alisema mwalimu, "nataka wanaokabidhiwa leo waone mtu makini anavyosoma. Chiriku, njoo mbele. Fungua somo lako."

Miguu ya Chiriku ilimpeleka mbele. Alifungua somo, akakishika kishikwambi mbele ya uso wake.

"Samahani. Huu si uso wa mwanafunzi wangu. Tafadhali mwite mwanafunzi wangu."

Walionong'ona wakaacha. Mwalimu alikunja uso, akakichukua, akakizima, akakiwasha, akamwelekezea tena.

"Huu si uso wa mwanafunzi wangu."

Darasa zima lilimtazama Chiriku, kisha likatazama mlangoni, kana kwamba mwanafunzi huyo mwingine angeingia wakati wowote.

"Basi kimeharibika," alisema mwalimu. "Si kosa lako, Chiriku. Tutakubadilishia. Kobe, mpe mwenzako hicho chako."

Kobe alikuja kwa mwendo wake uleule. Akakifungua kitambaa, akakipangusa kioo mara moja, akamwekea Chiriku kishikwambi mikononi. Kilikuwa cha moto kwa kukumbatiwa. Njia ilikuwa nyeupe. Ilibaki kusema asante mwalimu na kurudi kukaa, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Mwalimu," alisema Chiriku, "changu hakijaharibika."

"Nini?"

"Kinasema kweli. Mimi siye mwanafunzi wake." Machozi yalimtoka, lakini hakuacha, maana alijua akiacha hatarudi tena. "Anayesoma ni Bi Kimya. Ni sanamu ya nguo ya baba. Kila siku namwacha anatazama kioo, mimi naenda kuruka kamba. Sijui asilimia, mwalimu. Sijui hata robo tatu. Kobe anajua. Msimnyang'anye Kobe."

Mmoja alicheka nyuma, akajikuta peke yake, akanyamaza.

Mwalimu akamgeukia Kobe. "Theluthi mbili ya thelathini?"

Kobe alifunga macho. Darasa lilianza kunong'ona, mwalimu akanyanyua mkono, wakatulia. Walingoja.

"Ishirini," alisema Kobe.

"Asilimia ishirini na tano ya mia mbili?"

Macho yalifungwa tena. "Hamsini."

Mwalimu alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakulifanya kamwe kipindi kikiendelea. "Mwezi mzima," alisema, akisema na nafsi yake zaidi ya darasa, "nimemwita huyu mtoto mvivu mbele ya wenzake." Akasimama, akaenda mlangoni, akaibandua ngazi. "Leo hakuna anayerudisha kitu kwa sababu ya ngazi hii. Kobe, chukua kishikwambi chako. Na unisamehe, mwanangu."

Saa tisa alasiri mwalimu alifika nyumbani kwa fundi pamoja na Chiriku na Kobe. Chiriku alimsimulia baba yake kila kitu pale barazani, amesimama. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba.

"Nilikuwa nashona huku nasikiliza," alisema mwishowe. "Miguu ikichoka najisemea, kanyaga fundi, mwanao anasoma. Kumbe nilikuwa namsikiliza nani?"

Chiriku alilia kwa sauti. Katika mambo yote ya mwezi ule, hakuna lililomuuma kama hilo.

"Nionyeshe," alisema mwalimu.

Waliingia ndani wote wanne, wakabana ukutani pembeni ya meza. Chiriku alifungua somo, akajitoa. Ikapita pumzi moja, ya pili. Taa ya kijani ikawaka.

"Haya, tuendelee," ilisema sauti. "Leo tutarudia tuliyojifunza mwezi huu. Umefanya vizuri sana."

Bi Kimya alisikiliza akiwa na gauni la kumi na mbili, macho kwenye kioo, mkono wake mmoja umeshuka ubavuni. Sauti ilimsifu, ikangoja, ikamsifu tena. Mwalimu alijisugua mikono kama mtu aliyehisi baridi.

"Walituambia kinajifunza uso wa mwenyewe kidogo kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Kimejifunza kilichokiona. Nami nilidhani kinanionyesha akili za watoto."

Fundi alivua futi ya kamba iliyokuwa shingoni mwake. Akampima Bi Kimya kifua na kiuno kwa mazoea ya mkono, akamwonyesha binti yake namba.

"Mimi riziki yangu ni kupima watu," alisema. "Huyu ana vipimo vizuri kuliko wateja wangu wote. Hanenepi, hakondi, hachoki kusimama. Lakini futi ikinipa kifua cha mtu, haijaniambia kama mtu huyo anapumua. Hilo lazima nimtazame mwenyewe usoni. Mwalimu, samahani, hata wewe hili linakuhusu."

"Linanihusu," alikubali mwalimu.

"Wewe Chiriku, wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mwezi mzima hukuwepo. Sifa ulizopewa hazikukukuta, zimemkuta huyu. Hebu muulize. Amesoma siku zote, amesifiwa, amekuwa wa kwanza. Muulize robo tatu ya ishirini ni ngapi."

Chiriku alipangusa machozi. Aliona aibu, lakini uso wa baba haukuwa na mzaha. "Bi Kimya," alisema, "robo tatu ya ishirini ni ngapi?"

Wote walimtazama yule mwanamke wa plastiki. Sauti ya kishikwambi ilikuwa imefika mwisho wa somo na kunyamaza. Macho makubwa meusi yalitazama mbele, na ndani yake hamkuwa na kitu.

"Hajui," alisema Chiriku.

"Na wewe?"

"Sijui, baba."

"Lakini wewe ukiambiwa utajua," alisema fundi, na hapo ndipo alipomwekea mkono begani. "Hiyo ndiyo tofauti yenu, mwanangu. Usimwachie kamwe mtu mwingine kazi ya kujua. Akikufanyia, anayejua anakuwa yeye."

Mwalimu alikichukua kishikwambi na kukitia kwenye mkoba. Jumatatu kingepewa mwanafunzi aliyekuwa akisubiri, na Chiriku angengoja zamu yake kama wengine. Kisha akavuta kiti kile kinacholia, akamkalisha Chiriku, akafungua daftari kwenye ukurasa mtupu. Kobe alisimama upande wa pili wa meza, amefunga macho tayari. Mwalimu akachora duara, akaligawa sehemu nne, akamkabidhi Chiriku penseli.